Nani Kauliza?

Leo nina ugomvi na fomu.

Kazi yangu ni kuandika programu, na fomu za utafiti zinazojazwa kwenye simu nimeziona nyingi. Zinanasa saa mahojiano yalipoanza, saa yalipokwisha, hata mahali kwa satelaiti. Lugha na kabila la aliyeuliza? Hakuna! Halafu tunaletewa data tuchore grafu, eti haya ndiyo maoni ya Kaskazini Mashariki.

Maoni aliyoambiwa nani?

Mtu wa Garissa akienda Nairobi husema anakwenda "Kenya". Si utani mtupu. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa Kidegodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wakauawa. Mwaka 1989 Serikali iliwahoji Wakenya Wasomali asili yao, waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Sasa mgeni kutoka Nairobi anapiga hodi, simu mkononi: "Umeishi hapa tangu lini? Una imani na polisi?" Wewe ungejibuje?

Na usiniambie dawa ni kuajiri Wasomali. Msomali yupi? Garissa kuna Aulihan, Abdwak na Abdalla. Mandera kuna Garre, Degodia na Murule. Mgarre akiulizwa habari za malisho na Mdegodia, atapima maneno vilevile.

Mwaka 2016 Adida, Ferree, Posner na Robinson walichapisha uchambuzi wa data za Afrobarometer kutoka nchi kadhaa za Afrika. Muulizaji akiwa wa kabila jingine, majibu hubadilika, hasa maswali yakigusa ukabila. Walijuaje? Kwa sababu data ilikuwa na lugha ya muulizaji!

Kuna watakaosema kuandika kabila ni kuchochea ukabila. Kabila la anayejibu mnaliandika bila haya, la anayeuliza ndilo linawatia woga?

Ninachodai ni kidogo. Ongezeni safu mbili: lugha ya nyumbani ya muulizaji, na kabila au ukoo wake akikubali kuutaja. Wekeni namba ya siri badala ya jina lake. Kisha wagaweni waulizaji kwa kura. Mkimpa mmoja kijiji kizima, hamtajua kama jibu ni la kijiji au limeletwa na yeye.

Kuongeza safu ni kazi ya dakika tano. Namba hizi ndizo zinazotumika kuamua kisima kichimbwe wapi na shule ijengwe wapi. Mtu aliyejibu kwa woga atapangiwa maisha kwa jibu ambalo si lake.