Chanjo na Tumbo la Mtoto



Baada ya sala ya Ijumaa huko Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, alitujia mama mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyeolewa huko, amempakata mwanawe wa wiki nane. "Sheikh," akasema, "mwanangu alipewa matone ya chanjo ya kuhara, na bado kaharisha. Jirani aniambia nimpe mursik, dozi inayofuata niiache. Nifanyeje?"

Swali hili si la kupuuzwa. Chanjo ya rotavairasi iliingizwa katika chanjo za kawaida nchini Kenya mwaka 2014. Katika nchi tajiri huzuia zaidi ya asilimia 85 ya kuhara kukali kuletwako na virusi hivyo. Katika majaribio ya Malawi na Afrika Kusini, yaliyotangazwa mwaka 2010, ilizuia asilimia 61. Sababu mojawapo yadhaniwa kuwa tumboni. Chanjo hii hunywewa, hivyo hukutana na bakteria waishio utumboni. Mwaka 2017 watafiti waliwalinganisha watoto wachanga wa Ghana na wa Uholanzi, wakaona kuwa Waghana walioitikia chanjo walikuwa na bakteria wanaokaribiana zaidi na wa Waholanzi.

Je, basi tuwanyweshe watoto bakteria wema? Jambo hilo lilijaribiwa nchini India, na faida iliyoonekana ilikuwa ndogo. Mursik ni chakula chema kwa wakubwa, bali mtoto asiyetimiza miezi sita hustahiki maziwa ya mama pekee, nayo ndiyo huwalisha bakteria wema. Suratul-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza.

Asilimia 61 si mia, wala si sifuri: katika kila watoto kumi ambao wangeugua vikali kwa virusi hivi, sita husalimika. Tena kuhara kuna visababishi vingi, na chanjo hii ni kinga ya kimoja tu.

Tulimjibu: "Mwanangu, dozi usiiache. Nyonyesha, osha mikono, na akiharisha mpeleke zahanati. Usimnunulie antibiotiki dukani bila ya tabibu, kwani huua bakteria wema pamoja na wabaya."

Kushika sababu hakupingani na kutawakali. Ni sehemu yake. Wallahu aalam.