Kujuana si kupimwa

Vijana wa Butembo, vijana wa Beni, leo tunagusa jambo ambalo kwenye meza ya familia halisemwi.

Bwana na bibi wanakaa miaka katika ndoa, mtoto haonekani. Wa kwanza kushitakiwa ni mwanamke. Anaitwa mgumba, anapelekwa kwenye maombi, anapelekwa kwa dawa za miti. Mwanaume haguswi, wakati karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, sababu iko pia kwa mwanaume, na labo inaweza kuionyesha. Halafu, katika familia nyingine, wazee wanakaa pembeni na kukata shauri: mutu wa karibu asaidie. Ndugu wa bwana, rafiki wa nyumba, mutu "tunayemjua". Mtoto azaliwe, siri ifungwe.

Hatuko hapa kuhukumu ndoa za watu. Watu wazima watatu wakikubaliana kwa hiari, hilo ni lao. Lakini mwanamke ambaye hakuulizwa hajasaidiwa: amebakwa. Na hata pale ambapo wote wamekubali, kuna neno moja tunalolipiga vita leo: "tunamjua."

Mnajua nini? Mnajua jina lake, kanisa lake, duka lake. Damu yake hamuijui.

Tujiulize. Mgonjwa akihitaji damu hospitalini, kaka yake wa tumbo moja anakuja kutoa. Mutu wa labo hapaswi kusema "ni kaka yake, tieni tu". Kanuni ni kwamba damu ipimwe VIH, hepatiti B, hepatiti C na sifilisi kabla ya kutiwa, na kaka hachukii. Sasa kaka huyo huyo akitoa mbegu, VIH, hepatiti B na sifilisi vinaweza kupita kwake hadi kwa mama, na kwa mama hadi kwa mtoto. Hapo hakuna anayedai karatasi hata moja. Kwa nini?

Na kipimo cha siku moja hakitoshi. Mutu aliyeambukizwa VIH wiki iliyopita, kipimo cha haraka kinaweza kumuonyesha mzima kabisa. Njo maana anarudi kupimwa baada ya miezi 3, na katikati anajilinda. Marekani, mbegu za mtoaji asiyejulikana hugandishwa angalau miezi 6, mtoaji anapimwa tena, ndipo zinatumika. Huko mgeni anangoja miezi 6. Kwetu "ndugu" hangoji hata usiku mmoja.

Kuna pia SS. Mwenye AS hasikii ugonjwa wowote, anacheza mpira, anabeba mizigo. Lakini mama mwenye AS akizaa na mwanaume mwenye AS, kila mimba iko na nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa SS: maumivu ya mifupa, kuishiwa damu, hospitali kila wakati. Kipimo cha damu cha mara moja kinatosha kujua. Nani anakiomba kabla?

Halafu sisi wa Beni na Butembo tuko na sababu ambayo miji mingi haina. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilishika watu 3,470 na kuua 2,287. Zaidi ya 1,100 walipona, Mungu asifiwe. Lakini kwa mwanaume aliyepona, virusi vinaweza kubaki katika mbegu miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka, na yeye mwenyewe anajisikia mzima. OMS inashauri mbegu zipimwe hadi zionekane safi mara 2 mfululizo. Kabla ya hapo, kondomu.

Hii si hadithi ya mbali. Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mama wa zoni ya afya ya Biena, mke wa mwanaume aliyepona. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba virusi vile vilitokana na mlipuko uleule wa 2018. Watu 12 waliugua, 6 walikufa. Agosti 2022, Beni ikapata mgonjwa mwingine, nasaba ileile.

Sasa usikimbilie kunyoosha kidole. Waliopona ndio walioingia kwenye kreshi za Beni na Butembo kubeba watoto wa wagonjwa, wakati sisi wengine tuliogopa hata kusalimiana kwa mkono. Anayemtukana aliyepona anamfundisha kujificha, na anayejificha hapimwi.

Na serikali isijifiche nyuma ya aibu zetu. Desemba 2018 tuliambiwa: Beni na Butembo hamtapiga kura ya rais, kuna Ebola, hakuna usalama. Tukasogezwa hadi Machi 2019, rais akiwa ameshaapishwa tangu Januari. Basi Ebola ilipofaa kutunyima haki, Kinshasa iliijua vizuri sana. Ikifika kwenye vipimo, wanaisahau? Magari ya Riposti yalijaza barabara zetu, kisha yakaondoka. Waliopona wako hapa, wanaoa, wanataka watoto, na ni haki yao.

Tunadai kwa Wizara ya Afya, kwa Divizioni ya Afya ya Kivu ya Kaskazini na kwa wakuu wa zoni za afya:

1. Hospitali kuu za Beni na Butembo zibandike mlangoni mahali na bei ya kupima VIH, hepatiti, sifilisi, SS na mbegu.

2. Kupima mbegu za waliopona Ebola kuwe bure na kwa siri, kwa franga za serikali, bila kungoja wafadhili.

3. Sheria nambari 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda watu wanaoishi na VIH, iheshimiwe katika kila labo. Majibu ya mutu ni yake, si ya mtaa.

4. Ndoa isiyopata mtoto ipokelewe watu wawili pamoja. Mwanamke asipimwe peke yake huku bwana anangoja nje.

Na sisi vijana tuanze wenyewe. Dada, ukiambiwa "ni mutu wetu", omba karatasi, kisha omba ya pili baada ya miezi 3. Kaka, ukiombwa kusaidia, nenda labo kabla hujaambiwa. Bwana, nenda wewe wa kwanza, uanaume haupotei kwenye kikombe cha labo.

Wazee watasema tunavunja heshima. Heshima ya mtoto huanza kabla hajazaliwa. Tupime kwanza, ndipo tuitane ndugu.