Chai kavu si chakula cha mtoto

Minova, eneo la Kalehe, Kivu Kusini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pita kati ya nyumba zinazopokea familia zilizokimbia vita kutoka Masisi na Rutshuru. Mbele ya kila mlango utaona babula yenye makala kidogo, sufuria ya chai, na mtoto wa mwaka mmoja au miwili aliyeshika kikombe cha plastiki. Ndani ya kikombe kuna chai nyekundu yenye sukari. Kama siku ni nzuri, kuna na andazi moja. Kisha mtoto huyo anangoja bugali mpaka saa nane au saa tisa mchana.

Juma lililopita, katika mkutano wa wazazi, kiongozi mmoja alisimama akasema: «Acheni kutusumbua na mambo ya lishe. Sisi wote tulikulia kwenye chai.» Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa pale na kinasa sauti changu, nikanyamaza, kwa sababu mwandishi wa habari hajibishani na anayehojiwa. Leo siko na kinasa sauti. Leo ninamjibu.

Kwanza niseme ukweli wangu. Mwaka jana binti yangu alikuwa na miezi kumi na sita. Mama mmoja wa kuhamasisha afya, hawa tunaowaita reko, alipita nyumbani na ule ukanda wa rangi wa kupima mkono. Ukasimama kwenye manjano. Nilimwambia: «Mama, umekosea, pima tena.» Akapima tena. Manjano. Kisha akaniuliza swali moja tu: «Asubuhi huyu anakunywa chai, siyo?»

Nilipata haya. Kila juma mimi ndiye ninayetangaza habari za utapiamlo kwenye redio. Mshahara wangu ni mdogo, lakini upo. Nyumbani maharagi hayakosekani. Mtoto wangu hakukosa chakula, alikosa asubuhi. Kila siku nilimjaza maji matamu, naye akashiba, akalala, nami nikaenda kazini nikidhani nimemlisha.

Huo ndio uongo wa chai. Inajaza tumbo bila kujenga mwili. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, linashika kama kikombe kimoja tu. Ukikijaza maji na sukari, hakuna nafasi iliyobaki. Tena chai yenyewe inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya maharagi na mboga, na chuma ndicho kinachotengeneza damu. Halafu tunashangaa watoto wetu wamepauka macho na viganja, na tunakimbilia kutafuta dawa ya damu.

Na ule unga mweupe wa sashe mnaotia ndani ya chai mkisema ni maziwa? Soma maandishi yaliyo nyuma, au mwombe mtoto wa shule akusomee. Nyingi ni mafuta na sukari, maziwa ni kidogo au hakuna. Kwa mtu mzima anayetaka rangi ya chai, sawa. Kumpa mtoto kama maziwa ni kumdanganya.

Sasa nimjibu kiongozi wetu. Anasema sisi wote tulikulia kwenye chai. Si wote, mzee wangu. Waliokuwa nasi na wakafa kabla ya miaka mitano hawakuja kwenye mkutano kupiga makofi. Kivu nzima inajua neno bwaki. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu, ngozi inabanduka, mtoto hacheki tena. Madaktari wanaita kwashiorkor, neno lililotoka Ghana, la ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kwenye ziwa la mama kwa sababu mdogo wake anakuja. Yaani mtoto aliyehamishwa mahali pake. Hawa wetu wamehamishwa mara mbili, kwanza kijijini, halafu kwenye ziwa. Tuwaongezee na chai?

Wengine wananiambia: «Wewe unasema hivyo kwa sababu hujakimbia. Mkimbizi anakula anachopata.» Neno hili ninaliheshimu, na kwa mama asiye na kitu kabisa siandiki hata mstari mmoja wa lawama. Lakini tuhesabu pamoja. Chai yenyewe inanunuliwa. Sukari inanunuliwa, andazi linanunuliwa, sashe inanunuliwa, na hizo pesa zinatoka kila asubuhi. Jumlisha za siku saba, kisha nenda sokoni uulize bei ya soya, ya mahindi na ya mtama. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, usiniamini mimi.

Kuna sababu nyingine ambayo mikutano haiitaji, nayo ni makala. Mama mmoja aliyetoka Masisi aliniambia: «Maharagi ninayo. Lakini yanataka moto wa saa tatu, na moto huo sinao asubuhi. Chai inachemka haraka.» Huyo ndiye aliyenifundisha kuliko mikutano yote. Wanaogawa chakula wanatupa unga, maharagi, mafuta na chumvi, wanapiga picha, wanaondoka. Kuni wametoa nani? Na mtoto wa miezi kumi na minane, katika mgao huo, fungu lake ni lipi? Mara nyingi anangojwa mpaka ukanda uonyeshe nyekundu, chini ya milimita 115, ndipo apewe ile karanga ya paketi. Kwa nini tungoje nyekundu? Ninawaomba wanaopanga migao: wekeni unga wa uji wa watoto tangu siku ya kwanza, na wekeni na makala.

Wakati tunangoja jibu lao, watoto wanaamka kesho. Haya ndiyo tunayoweza.

Maharagi yanapikwa jioni kwa ajili ya wote. Kabla ya kugawa, toa kikombe kimoja cha mtoto, ufunike vizuri. Asubuhi yachemshe tena mpaka yatokote, yaponde, tia kijiko kidogo cha mawese. Huo ni moto mfupi kama wa chai.

Masosoma tunaijua tangu zamani: mahindi, soya na mtama. Vipimo viwili vya nafaka, kimoja cha soya. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu ikiwa mbichi inaumiza tumbo na mwili hauitumii. Uji uwe mzito, ukae juu ya kijiko bila kumwagika kama maji. Uji wa unga wa muhogo peke yake, mwepesi kama maji ya kunawa, ni ndugu ya chai tu.

Ziwa liko mbele yetu na sambaza wanaanikwa juani kila siku. Samaki hawa nao waliletwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazoea, wakatulisha. Ondoa mchanga, kausha juu ya moto, twanga mpaka uwe unga. Kijiko kimoja ndani ya uji kinatosha. Msimu wa avoka, ponda nusu. Yai likipatikana, ni la mtoto kwanza. Karanga zisagwe, usimpe nzima, zinaweza kumkaba koo.

Na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili na zaidi, juu ya chakula, siyo badala ya chakula. Baada ya mwaka mmoja mtoto anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku. Ukiruka asubuhi, hesabu hiyo haitimii tena.

Neno kwa akina baba. Mnanilaumu kwamba ninaandika mambo ya jikoni. Nani anashika pesa ya sukari? Nani anapita kwenye kasiksi jioni na kurudi akiuliza kwa nini mtoto anaumwa kila mara? Chupa moja ukiiacha, mtoto amepata soya. Mimi nimebaba, nimeaibika mbele ya ukanda wa manjano, kwa hiyo ninaweza kukuambia bila kukutukana.

Neno kwa akina mama: mtu mmoja hawezi kupeleka glasi mbili za soya kwenye mashine. Mama kumi wanaweza. Likelemba mnazijua. Fanyeni moja ya unga wa watoto, mnunue pamoja, msage mara moja kwa juma, mgawane. Familia zinazopokea wageni ziingie pia, kwa sababu mtoto wa mwenye nyumba naye anakunywa chai hiyohiyo.

Binti yangu alirudi kwenye kijani baada ya majuma machache. Hakupewa dawa. Tulibadilisha kikombe cha asubuhi tu. Chai bado tunakunywa nyumbani kwangu, mimi na mama yake, baada ya yeye kumaliza uji wake.

Kiongozi wetu akitaka kunijibu, mlango wa redio uko wazi, nitampa dakika sawa na zangu. Ninamwomba jambo moja kabla ya kuja: asubuhi hiyo apite nyumba tatu za jirani zake, aangalie ndani ya vikombe vya watoto, kisha atuambie hewani alichokiona.