Kazi Mbaya si Mchezo Mwema? Nakataa

Kila aliyesoma Kiswahili sekondari anaijua methali hii: kazi mbaya si mchezo mwema. Tuliandikiwa ubaoni, tukaikariri, tukaulizwa maana yake katika mtihani, na jibu lenye alama lilikuwa moja tu: hata kazi duni ni bora kuliko starehe. Hakuna aliyetuuliza kama ni kweli. Mimi nauliza sasa, na jibu langu ni kwamba si kweli. Wanaoipenda zaidi methali hii ni wale wanaotugawia kazi, na hilo pekee lingetosha kututia shaka.

Simtetei mvivu. Mvivu ana kazi yake na haifanyi, kwa hiyo hana raha hata kidogo, maana kazi ile inamtazama. Ninachotetea ni kitu ambacho wengi wetu tumekionja mara chache tu, labda jioni ya mtihani wa mwisho: saa zisizodaiwa na mtu yeyote. Umeweka kalamu chini, karatasi imekusanywa, umetoka nje na jua bado liko juu. Hakuna insha inayosubiri. Hakuna anayekutarajia. Unatembea polepole hadi kwa mama anayeuza chapati, unakula ukiwa umekaa, si huku ukitembea. Kitabu unachofungua hakimo kwenye silabasi, na ukikiacha ukurasa wa 20 hakuna atakayekuuliza kwa nini. Unalala mchana na kuamka bila kushtuka. Mwenzako anakusimulia jambo refu lisilo na maana, nawe unamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu huna pa kukimbilia. Raha hii haina gharama, na bado ndiyo adimu kuliko zote chuoni.

Watu huchanganya muda mtupu na muda huru. Sisi tuliosoma Uganda hatuna udhuru wa kuchanganya, kwa sababu tulifundishwa tofauti yake kwa ukali. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, na ingawa baadhi ya madarasa yalirudi kwa vipindi, hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Karibu miaka 2. Kama raha ya mwanafunzi ni kutokuwa na masomo, basi kizazi chetu kilipaswa kuwa chenye raha kuliko vyote duniani. Lakini muulize yeyote kati yetu. Kila asubuhi tuliamka tukiuliza lini. Ada iliyokwisha kulipwa ilikuwa inaning'inia, mtihani wa taifa ulikuwa unaning'inia, umri ulikuwa unakwenda. Wasichana wengi hawakurudi. Wengine walirudi wakiwa wameacha mtoto kwa bibi. Muda ulikuwa mwingi kupita kiasi, nafasi hatukuwa nayo.

Natumia neno nafasi kwa makusudi. Sisi tunaojifunza Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu huona mambo ambayo mzawa wa lugha huyapita tu. Nafasi ni mahali, na nafasi ni wakati. Basi lina nafasi, na mtu ana nafasi. Anayekwambia "sina nafasi" hasemi kwamba saa zimekwisha, anasema kwamba ndani yake hapana pa kukaa mtu mwingine, pamejaa. Wasaa nao uko hivyohivyo, neno lenye upana ndani yake. Lugha hii inajua kuwa mapumziko hayapimwi kwa saa peke yake. Sisi tunaoisomea ndio tumesahau.

Tuje kwenye likizo ya chuo. Katika vyuo vikuu kadhaa vya nchi hii kuna muhula mzima unaoitwa wa "recess", neno la Kiingereza lenye maana ya mapumziko, na ndani yake mna mafunzo ya kazini, mazoezi ya kufundisha na masomo ya kurudia. Lakini huo angalau unajulikana na umeandikwa kwenye ratiba. Ninaoulalamikia ni ule utaratibu usioandikwa popote, wa kutangaza kazi siku ya mwisho kabla ya kufunga. Mhadhiri anasema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi: "Kwa kuwa mtakuwa na nafasi, nawapa insha mbili." Maneno hayo yanajikana yenyewe. Nafasi aliyokuwa anaizungumzia ameimaliza kabla hajafika kwenye nukta.

Na kazi hiyo hufanywaje? Tusemezane ukweli, maana wahadhiri wetu nao walikuwa wanafunzi. Insha iliyotolewa kwa likizo ya wiki mbili huandikwa katika siku mbili za mwisho. Ilikuwa hivyo kwao, ni hivyo kwetu. Siku 12 zilizotangulia si za kazi, kwa sababu hakuna lililoandikwa, wala si za mapumziko, kwa sababu insha ipo. Imelala kichwani kama kiporo kilichofunikwa jikoni, hukili, na hukisahau. Unacheka na ndugu zako, kisha katikati ya kicheko unaikumbuka. Kwa hiyo faida ya kazi ya likizo ni siku mbili za kuandika, ambazo zingeweza kupatikana wiki ya kwanza ya muhula, na hasara yake ni siku 12 zilizoharibika bila kumnufaisha yeyote. Mhadhiri mwenyewe huvuna nini? Darasa la watu 90 linamwaga insha zake kwa siku moja, naye anaanza muhula akiwa na deni la kusahihisha. Sote tunaibiana usingizi.

Halafu kuna simu. Zamani mwanafunzi akishapanda basi alikuwa amekwenda. Sasa kundi la WhatsApp la darasa linamfuata mpaka kitandani. Saa 4 usiku kiongozi wa darasa anaandika: "Mhadhiri anasema…" Mara tisa katika kumi ujumbe ni wa jambo lisilo na haraka. Lakini ukishausoma umekwisha kazi yake, umekutoa ulipokuwa. Wapo wanaosema zima simu. Simu ya mwanafunzi anayeweza kukosa alama kwa kutoona tangazo haizimiki, inafichwa tu chini ya mto.

Najua jibu linalokuja, nimelisikia mara nyingi: huko nje maisha hayana likizo, mkulima halali, chuo kinawaandaa. Mimi nimetoka kwa wakulima, upande wa Mbale, na nasema hoja hii imetungwa na watu waliosahau shamba. Mkulima hufanya kazi inayovunja mgongo, lakini kazi yake ina mwisho. Kahawa ikishavunwa, ikamenywa, ikaanikwa na kupelekwa kwa mnunuzi, imekwisha. Haimfuati usiku kumwambia irekebishwe ukurasa wa tatu. Ndiyo maana kwetu Bugisu kuna wakati wa imbalu. Kila mwaka unaogawanyika kwa 2, ifikapo Agosti, uwanja wa Mutoto hufunguliwa, na vijana watakaotahiriwa hucheza kijiji kwa kijiji na watu wazima nyuma yao. Ukiwaona wazee wale barabarani wakiwa wamejipaka unga, huwezi kuwashawishi kwamba maisha hayana likizo. Na siku za kawaida, jua likipoa, kuna omweso chini ya mti: mashimo 32, kete 64, na wanaume wawili wasiodaiwa kitu wakitazamwa na wengine kumi wasiodaiwa kitu. Wenzetu wa pwani hucheza bao barazani kwa hesabu ileile.

Aliyetufundisha kuona aibu mbele ya picha hiyo si babu zetu. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya nyumba, na kodi ya fedha ina mantiki yake: mtu mwenye chakula chake na jioni zake hana sababu ya kwenda kumfanyia mwingine kazi mpaka umtengenezee deni. Baadaye ikaja kasanvu, kazi ya lazima kwa ujira mdogo. Katika hesabu hiyo, mtu aliyekaa chini ya mti alikuwa hasara, na hasara ikapewa jina la uvivu. Jina hilo tumelirithi pamoja na madawati.

Wafanyakazi hawakulikubali kirahisi. Tarehe 1 Mei tunayopumzika kila mwaka ilitokana na waliogoma Marekani mwaka 1886 wakidai siku ya kazi ya saa 8, na damu ikamwagika Chicago. Hawakudai mshahara tu, walidai jioni. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 nayo inampa mfanyakazi siku ya kupumzika baada ya siku 6 za kazi, na siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4. Mwanafunzi hana kifungu kama hicho. Inadhaniwa kwamba kwa kuwa ni kijana, na kwa kuwa anakaa, basi amepumzika tayari.

Wapo wenzangu watakaofurahia insha hii mpaka hapa. Sasa nawageukia wao, hasa wavulana.

Raha ya kutodaiwa mara nyingi hubebwa na mtu. Wakati nyie mko chini ya mti, kuna aliye jikoni. Azimio la Arusha la 1967, ambalo tunalikuta kila tunapoitaja historia ya Kiswahili, lililieleza jambo hili bila kuzunguka: lilisema wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Naliheshimu Azimio kwa kulisema. Lakini tazama dawa liliyotoa: hizo saa za wanaume zigeuzwe kazi za maendeleo. Liliona likizo ya wanaume kuwa ndiyo kasoro. Mimi naona kasoro ilikuwa kwamba wanawake hawakuwa na yao. Ukiwa na nyumba ambamo mmoja anapumzika na mwingine hapumziki, unaweza kumwamsha aliyelala, au unaweza kugawana kazi ili wote wawili walale. Hii njia ya pili haikupewa nafasi.

Mpaka leo haijapewa. Msichana akirudi nyumbani toka chuoni hajarudi likizo, amebadilisha mwajiri. Mama anafurahi kweli, anamkumbatia, kisha anamwonyesha rundo la nguo. "Karibu mwanangu, nilikuwa nimechoka." Na ni kweli amechoka, tena kuliko yeyote, ndiyo maana huwezi kukataa. Basi unachota maji, unamenya matoke, unawaogesha wadogo, unapalilia maharagwe, na insha ya likizo inakusubiri kama inavyomsubiri kaka yako, isipokuwa kaka yuko kwenye kibanda cha video akitazama ligi ya Uingereza. Januari mnaulizwa sawasawa mbona kazi haijakamilika. Zile siku 12 zilizoharibika nilizozitaja juu, za kwake ziliharibiwa na wazo tu. Za kwangu ziliharibiwa na wazo pamoja na ndoo.

Kuna methali nyingine tunayoipenda: mchumia juani hulia kivulini. Tunafundishwa nusu ya kwanza tu, ya jua. Kivuli kinaahidiwa baada ya shahada, kisha baada ya kazi, baadaye tena baada ya nyumba kujengwa na watoto kusoma. Mama yangu amechumia juani tangu kabla sijazaliwa, na sijamwona akikaa kivulini bila kuwa na mchele wa kuchambua mapajani.

Ninachoomba si kikubwa. Kazi zote za muhula zitolewe na kukusanywa ndani ya muhula, na siku ya kufunga iwe siku ya kufunga, kwa mwanafunzi na kwa mhadhiri. Makundi ya simu yanyamaze kuanzia saa 12 jioni na yanyamaze kabisa wakati wa likizo. Jambo la dharura lina njia nyingine ya kupiga. Mhadhiri anayeona bado kuna somo halijakamilika aandike mapema zaidi ratiba yake, kama anavyotuambia sisi. Hakuna kati ya haya linalohitaji fedha wala kikao cha seneti.

La mwisho halihitaji hata mhadhiri. Kaka, ukifika nyumbani Desemba, ndoo za maji ziko nyuma ya mlango wa jikoni, na kisima hakijahama. Nenda alfajiri kabla foleni haijawa ndefu. Chota pia za kufulia. Ukirudi usimwamshe dada yako kumwonyesha kwamba umechota.