Masika yaja, uani vipi?

Dar masika huanza Machi, sasa wewe unangoja matone ndipo ukatafute mbegu? Ua upange mapema, bwana! Angalia asubuhi na alasiri jua linapiga wapi. Hapo inua matuta, maji yasituame. Biringanya anzia kitaluni, uhamishe baada ya wiki nne hadi sita. Bamia fukia mbegu moja kwa moja. Mchicha ndio kiboko: wiki tatu, nne hivi, unachuma.

Umepanga chumba? Mwone mwenye nyumba kabla hujashika jembe. Akikataa, otesha kwenye ndoo kuukuu uliyoitoboa chini. Siku akisema hama, unahama na mboga yako! Haya, tuonane wiki ijayo.