Farasi wa Marekani, vifaru wa Ajai na suala la hima



Mada ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Tumezoea katika ukurasa huu kuzungumzia malezi, ndoa, madrasa na namna ya kuishi na majirani. Leo tunazungumzia wanyama wa porini, na swali la nani ana haki ya kuwakamata na kuwaondoa katika ardhi ambayo ni ya watu wote. Tunaomba msome hadi mwisho, kwani jambo hili linatugusa sisi wa West Nile kuliko wengi wanavyodhani.

Tuanzie mbali kidogo. Katika majimbo ya magharibi ya Marekani, kama Nevada na Wyoming, wapo farasi-mwitu wanaoishi katika ardhi ya serikali. Zamani walikuwa wakifukuzwa kwa ndege na magari, wakauzwa kuwa chakula cha mbwa. Mwanamke mmoja wa Nevada, Velma Johnston, ambaye hakuwa mwanasiasa bali katibu wa ofisini tu, aliamua kupambana na jambo hilo. Watoto wa shule nao wakaandika barua kwa maelfu. Mwaka 1971 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwalinda farasi hao na punda-mwitu bila hata kura moja ya kupinga, na Rais Nixon akaitia saini mwezi Desemba.

Lakini serikali hiyo hiyo iliyokabidhiwa ulinzi ndiyo leo inayowaswaga kwa helikopta hadi mazizini. Hoja yake ni kuwa wamezidi, nyasi na maji havitoshi. Wanaopinga wanajibu kwamba katika ardhi hiyo hiyo ng'ombe wa wafugaji binafsi huchungwa kwa ada ndogo, na hao hawaambiwi wamezidi. Makumi ya maelfu ya farasi sasa wanalishwa kizuizini, na gharama yake mwaka 2023 ilipita dola milioni 100. Zipo pia dawa za kuzuia majike yasizae, hupigwa kwa mshale na farasi akabaki mahali pake, lakini fedha nyingi zinakwenda mazizini. Jamani, fedha hizo zote kwa ajili ya kumfungia mnyama ambaye akiachwa angejilisha mwenyewe!

Sasa Muislamu akisikia habari hii asiseme ni mambo ya wazungu. Sisi tuna kitu kinachoitwa hima, yaani malisho yaliyotengwa kwa maslahi ya umma. Mtume (s.a.w.) alitenga bonde la Naqii karibu na Madina kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Baadaye Sayyidna Umar (r.a.) alitenga Rabadha, na akamweka Hunayy, mtumwa wake aliyemwacha huru, kuwa msimamizi wa hima. Maagizo aliyompa yamo katika Sahihi Bukhari na ni vizuri kila mzazi ayasome na watoto wake. Alimwamrisha awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Alimwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini makundi ya matajiri kama Abdulrahman bin Awf na Uthman bin Affan ayazuie. Kwa nini? Kwa sababu tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba na mitende ya kurudia, ila maskini ikimfia atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa.

Tazameni mizani hiyo. Ardhi imetengwa kweli kweli, ina msimamizi na masharti. Lakini anayefikiriwa kwanza ni mnyonge anayeishi pembeni yake.

Tuje nyumbani. Vijana wetu wengi wakisikia Rhino Camp wanafikiria kambi ya wakimbizi. Hawajiulizi jina limetoka wapi. Limetokana na kifaru! Kifaru mweupe wa kaskazini, katika Uganda nzima, makao yake ya asili yalikuwa huku kwetu tu, magharibi ya Naili. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja na mwanawe Kermit kuwinda ng'ambo hii ya mto, na wawili hao wakawaua vifaru tisa. Hifadhi ya Ajai, ambayo sasa iko Wilaya ya Madi-Okollo, ina jina la chifu wa eneo hilo. Na Mlima Kei, upande wa Yumbe na si mbali na Koboko, mpaka leo una jina rasmi la hifadhi ya kifaru mweupe. Jina lipo, kifaru hayupo.

Mwaka 1961 baadhi ya vifaru walikamatwa huku West Nile, wakavushwa mto na kupelekwa mbuga ya Murchison Falls. Nia ilikuwa nzuri, kwa sababu majangili walikuwa wakiwamaliza. Ila ikatokea nini? Vita vya 1979 na miaka iliyofuata vilileta bunduki kila mahali. Wazee wetu wanakumbuka, maana ndiyo miaka ambayo watu wa Arua na Koboko walikimbilia Sudan na Kongo, na aliyeacha nyumba yake wazi hakuwa na nafasi ya kumfikiria kifaru. Kabla ya katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha, waliohamishwa na waliobaki.

Hapo mtu atasema: basi kumbe kukamata na kuhamisha ni ubaya mtupu. Hapana, tusiende haraka hivyo. Jirani zetu wa Kongo wana kisa chao. Mbuga ya Garamba, magharibi ya Koboko kuvuka mpaka, ndiyo ilikuwa makao ya mwisho ya vifaru hawa porini. Mwanzoni mwa 2005 ilikubaliwa wahamishwe watano hadi Kenya kuwaokoa na majangili. Jambo likaingia siasa, watu wakakataa wakisema hii ni mali ya Kongo, na safari ikafutwa. Miaka michache baadaye hapakuonekana kifaru hata mmoja. Waliokataa walikuwa na haki ya kukataa, ila hawakuwa na askari wa kutosha wa kumlinda waliyemkatalia.

Na kuna jambo jingine ambalo sisi limetugusa sana. Wakati tunaandika haya, vifaru weupe wa kaskazini waliobaki duniani kote ni wawili, mama na binti, Najin na Fatu, katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa hapo tarehe 19 Machi 2018. Sudan alikuwa baba wa Najin. Na mama wa Najin aliitwa Nasima, naye alikamatwa porini Uganda. Maana yake hao wawili wana damu ya kwetu, na wapo hai kwa sababu Nasima alifungiwa akapelekwa Ulaya. SubhanaAllah! Kwa hiyo hatuwezi kusema kila kamba ni dhulma.

Tunachokiona sisi ni hiki. Kumkamata mnyama ni rahisi kuliko kumtunzia mahali pake, ndiyo sababu serikali nyingi hukimbilia kukamata. Marekani ni rahisi kuita helikopta kuliko kuwaambia wafugaji wakubwa wapunguze ng'ombe. Hapa kwetu mwaka 1961 ilikuwa rahisi kuwavusha mto vifaru kadhaa kuliko kuweka ulinzi wa kudumu Ajai na Kei. Kuhamisha ni dawa ya dharura, na dharura ikipita mahali alipotoka mnyama pasiachwe patupu.

Mamlaka ya wanyamapori, UWA, imekuwa na mpango wa kupeleka Ajai vifaru weupe wa kusini kutoka Ziwa, Nakasongola, ambako walianza na wachache mwaka 2005 na baadaye wakapita 40. Si wale wetu wa asili, ni binamu zao, lakini tunaunga mkono. Garamba nao walipokea 16 wa aina hiyo mwaka 2023 kutoka Afrika Kusini. Swali letu ni moja tu: Hunayy wa Ajai ni nani, na amepewa maagizo gani? Watu wa pembeni ya hifadhi hutegemea nyasi za kuezekea, kuni na samaki wa mabwawa. Wakifungiwa nje kabisa, hawatampenda kifaru. Sheria inasema asilimia 20 ya ada za kuingia mbugani irudi kwa majirani, na sheria ya mwaka 2019 imeweka fidia kwa anayeharibiwa na mnyama. Vizuri. Lakini ada ya mlangoni Ajai, ambako watalii ni wachache, itajenga nini? Hilo lizungumzwe sasa, kabla watu hawajachoka.

Na tafadhali, tusiwasingizie wakimbizi. Ndiyo, kuni zinakatwa kuzunguka Rhino Camp na Bidibidi. Lakini hata sisi tulipikia kuni za Sudan na Kongo tulipokuwa wakimbizi, na wenyeji walitustahimili. Wapewe miche na majiko yanayotumia kuni kidogo, nao wahusishwe.

Wazazi wenzetu, watoto wa Marekani waliandika barua mpaka sheria ikapita. Wa kwetu pia wana kalamu. Tunaomba kila madrasa ya Arua na Koboko iwape watoto wa miaka 10 na kuendelea nafasi ya kuandika barua moja kwa UWA na nyingine kwa baraza la wilaya, waulize lini Mlima Kei nao utafikiriwa, na majirani wa Ajai watapata nini. Waandike kwa Kiswahili, Kinubi, Kilugbara, Kikakwa au Kiingereza, tutatafsiri wenyewe. Barua tutazikusanya baada ya sala ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, insha'Allah, na kuzifikisha kwa mkono.