Zima vyombo, ndafu anaingia

KONA YA BESI
Na Mzee wa Nyuzi Nne

Kuanzia leo bendi yetu haipigi bure kwenye sherehe yoyote ambayo mpamba viti amelipwa. Nimeshamwambia mpiga solo, nimeshamwambia mwalimu wa ridhimu, na mama watoto nimemwambia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alicheka. Sasa nawaambieni na ninyi, ili siku nikilegea kuwe na mashahidi.

Jumamosi tulikuwa na sendofu Sinza. Binti ni wa mtu niliyefanya naye kazi zamani, mtu mwema, sina neno naye. Neno langu ni kwa kamati. Miezi mitatu kabla ya shughuli, mwenyekiti alinipigia akaniomba mchango. Nikatoa laki moja, nikaletewa kadi ya singo. Wiki mbili kabla, akapiga tena.

"Kaka, nasikia mna bendi."

Nikamjibu tunayo, ya ridhaa, watu wanne, mazoezi kila Alhamisi kwenye banda la Tabata.

"Basi mje mtupigie mbili tatu. Bajeti imebana, ila pale watakuwepo watu wazito. Mtajitangaza."

Nina miaka hamsini na miwili. Nijitangaze niende wapi? Tabata nzima wananijua, na nusu yao wananidai.

Nadhani neno ridhaa ndilo lililoniponza. Kamati ikisikia ridhaa inaelewa bure. Ridhaa maana yake ni kwamba mimi nimeridhia: nimeridhia kushika besi baada ya kazi badala ya kulala, nimeridhia kununua nyuzi Kariakoo kwa hela ambayo Waziri wa Fedha (mnamjua, analala upande wa ukutani) hakuipitisha. Sikumbuki nikiridhia kubeba ampu ya besi, yenye uzito wa jiwe la kusagia, kuipandisha ngazi za ukumbi huku vijana wa kamati wakinipigia makofi ya kunitia moyo.

Kadi iliandikwa saa kumi na mbili jioni. Sisi tulitakiwa kufika saa nane mchana kufunga vyombo. Kirikuu kutoka Tabata na kurudi ni elfu hamsini, na hiyo ni bei ya dereva ambaye ni shabiki wetu. Mpiga drams wetu, fundi friji, alizunguka ukumbi mzima na tesita yake akitafuta soketi isiyopiga shoti, maana besi yangu ilishawahi kunirusha Mbagala na sitaki kuirudia ile habari, mliisoma. Saa kumi tulikuwa tayari. "Moja mbili, moja mbili," mbele ya viti mia tatu vilivyovaa magauni meupe na vilemba vya rangi ya zambarau. Sherehe ikaanza saa tatu usiku.

Katika kusubiri huko ndipo nilipoiona karatasi. Mhasibu wa kamati aliisahau mezani, nami nina macho. Mapambo, palikuwa na tarakimu. Chakula, tarakimu. Picha na video, tarakimu. Emsii na muziki wake, tarakimu nene. Droni, tarakimu. Droni! Ndani ya ukumbi wenye dari! Chini kabisa: "Bendi, marafiki." Na mbele yake, pale panapokaa pesa, kistari.

Nikanyamaza. Rafiki ni rafiki.

Saa nne na nusu tukapanda. Tulianza na kopi ya kale, kutoka enzi ambazo baba mdogo wangu alikuwa akivaa suruali ya bwaga kwenda dansini. Sasa, wimbo wa dansi haukurupuki. Unaanza taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake, kiitikio kinapita, magitaa yanajibizana kwa adabu. Watu wanakula huku wakitikisa vichwa. Halafu, dakika ya nne au ya tano, drams inavunja, solo inapanda juu, besi inaanza kutembea, na hapo mama mwenye goti bovu anaacha pilau mezani. Hilo ndilo chemko. Mengine yote ni kuchochea kuni.

Mwalimu alikuwa ameshamaliza kiitikio cha mwisho. Fundi friji ameshainua fimbo. Mimi nimeshabana meno. Solo ikakatika. Ridhimu ikakatika. Nikajikuta napiga besi peke yangu kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa, na baada ya sekunde mbili nayo ikakatika. Nikageuka. Emsii, kijana mwenye koti linalometameta kama samaki, alikuwa ameshika waya wetu mkononi.

"Mzee wangu, zima vyombo, ndafu anaingia."

Kwa wasiozijua sendofu zetu: ndafu ni mbuzi mzima aliyechomwa, ameketishwa kwenye sinia na majani mdomoni, na huingizwa ukumbini kwa maandamano kama balozi. Sina chuki naye. Ila tulikuwa bendi nzima, tuko jukwaani, tumepasha, na wimbo uko mlangoni mwa chemko. Kama kuna mbuzi aliyewahi kupata nafasi ya kuingizwa kwa heshima, ni yule. Emsii akachomeka flashi.

Niliisikia besi kabla sijausikia wimbo. Nikajisemea, huyu kijana anajua, tatizo anachelewa kidogo kwenye mpito wa tatu. Halafu nikakumbuka ni nani anayechelewa kwenye mpito wa tatu.

Tukatazamana wanne sisi. Mwalimu alikuwa amefungua mdomo. Ulikuwa wimbo wetu. Na kama palikuwa na shaka, beti ya pili jogoo akawika.

Wasomaji wa siku nyingi jogoo mnamfahamu. Wageni nitawahurumia. Wimbo huo tuliurekodi mwaka jana chumbani kwa mpiga solo, magodoro matatu ukutani, feni imezimwa ili isivume, wanaume wanne vifua wazi kwa joto la Februari. Kompyuta ni ya mwanawe, ambaye ndiye fundi mitambo na alitudai chipsi kuku kila kikao. Drams hazikuingia mlangoni, kwa hiyo fundi friji alipigia sebuleni akitusikiliza kwa waya uliopita chini ya mlango. Jumapili sita zilikwenda. Mara adhana, mara muuza samaki, mara jenereta la jirani. Jumapili ya sita mwalimu akaimba beti ya pili kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa tena, na jogoo wa mpangaji akawika katikati yake, kwenye ufunguo uleule. Tulijaribu kurudia mara tisa. Mwalimu hakuweza. Tukaacha jogoo, tukaurusha kwa ndugu na marafiki kwenye simu, basi.

Wazee wetu wangecheka. Wao walikuwa wakiingia studio ya Redio Tanzania bendi nzima kwa pamoja, wapuliza tarumbeta na wote, na hapakuwa na jogoo. Tepu ikibaki redioni, na anayetaka santuri anapanda basi kwenda Nairobi. Walikuwa na shida zao. Lakini mpiga besi wa NUTA Jazz mwaka 1964 alikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na Sikinde yenyewe ilizaliwa mwaka 1978 mikononi mwa shirika la usafiri na teksi. Fikirini: teksi zilikuwa na bendi! Hata wale wa mwanzo kabisa, Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932, walikuwa klabu ya watu wenye kazi zao kama sisi, lakini aliyekuja kucheza alikuja kuwasikia wao. Hapakuwa na mtu katikati mwenye flashi. Aliyeharibu ni emsii. Najua mtaniandikia kwamba ni kodi, ni bei ya vyombo, ni vijana hawataki magitaa. Ni emsii.

(Na wewe unayekumbuka kwamba mimi mwenyewe nilioa mwaka 1999 kwa kaseti mbili na redio ya kuazima, kaa kimya. Nilikuwa sina hela.)

Turudi Sinza. Ukumbi ulilipuka. Kumbe wimbo wanaujua! Wanaujua beti kwa beti, na jogoo alipowika watoto wote waliwika naye, na kina mama nao, na mjomba mmoja wa bibi harusi akawika akipiga mbawa kwa koti. Ndafu akapita katikati, majani yakitikisika mdomoni kwa mapigo yangu mimi. Hakuna aliyesikiliza maneno. Mpiga solo, ambaye ni baba mwenye nyumba, aliutunga wimbo ule kumsema mpangaji anayeondolewa na virago vyake kwa sababu ya kodi. Yaani binti anaagwa kwao kwa wimbo wa mtu anayefukuzwa kwenye nyumba. Labda emsii alikuwa na maana yake.

Chemko la wimbo likafika. La kwenye flashi halikukatwa na mtu. Wakaja watunzaji. Noti ya elfu kumi kwenye paji la uso la emsii, nyingine kwenye koti lake la samaki, nyingine mfukoni. Shangazi mmoja aliyezidiwa na furaha akabandika elfu tano kwenye paji la uso la ndafu. Mbuzi aliyekufa alitunzwa. Sisi tulikuwa hatua nne kutoka hapo, tumeshika magitaa yasiyo na umeme, tunapisha sinia.

Nilimfuata emsii baada ya maakuli. Sikufoka. Nilimwambia tu, kijana, ule wimbo ni wetu.

"Ule wa jogoo? Shikamoo mzee wangu! Mbona hamkusema? Mimi nilitumiwa kwenye grupu. Nautumia kila wiki, haujawahi kuniangusha."

Basi turudishie waya tuupige wenyewe, nikamwambia.

Alinishika bega, kwa upole kabisa, jinsi unavyomshika babu anayetaka kuendesha gari. "Mzee wangu, laivu mnachelewesha ukumbi. Halafu mkipiga nyie, jogoo mtamtoa wapi?"

Chakula chetu kilikuja saa sita, pamoja na cha wapiga picha, soda mbili mbili. Kwenye kirikuu hakuna aliyesema kitu mpaka Ubungo, ndipo fundi friji akauliza kama elfu tano ya mbuzi ilikwenda kwa mpishi au kwa kamati. Nyumbani Waziri alikuwa macho. Nilimsimulia yote, nikitegemea pole. Akauliza jambo moja: "Na mpito wa tatu, kwenye flashi, bado unachelewa?"

Jumatano simu ikaita. Mwenyekiti wa kamati. Nikajiweka sawa nikijua ni shukrani, pengine na nauli. Kaka, akasema, sherehe ilifana sana, watu hawaishi kuisifu. Jumamosi hii kuna nyingine, Kimara, kamati karibu ni ileile. Sasa tatizo emsii amepoteza flashi.

Nikamwambia hakuna tatizo, tutakuja wenyewe, na safari hii tuelewane bei mapema.

Kimya. Nilisikia hata mtu nyuma yake akimnong'oneza.

"Aa, hapana kaka, msisumbuke. Nitumie wimbo tu, unatosha. Ila naomba yule jogoo msimtoe."